Babu alikuwa akitusimulia hadithi: niandikeje kwa Kiingereza?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Niliandika insha kuhusu marehemu babu yangu. Sentensi ‘Grandfather was telling us stories every night’ ikasahihishwa kuwa ‘used to tell’, na nikaambiwa ‘would tell’ nayo inafaa. Basi nikaandika ‘He would have a white beard’, ikakatwa! Nishike lipi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Aliyekusahihisha hakukosea hata mara moja. Sisi tukisema ‘babu alikuwa akitusimulia’, huenda alikuwa katikati ya hadithi jambo fulani likatokea, au ndiyo ilikuwa desturi yake. Kiingereza hutenganisha hayo. ‘Was telling’ ni ya lile la kwanza: babu anasimulia, mara taa ikazimika. Desturi iliyokwisha huchukua ‘used to’, na kitenzi kinachofuata hubaki kitupu: used to tell, kamwe si used to told.

‘Would’ ina mipaka zaidi. Hupokea vitendo vinavyojirudia, kama kusimulia, kukohoa, kuchochea moto. Hali haizipokei. Ndevu babu hakuwa akizirudia kila usiku. Alikuwa nazo tu, kwa hiyo andika ‘He used to have a white beard’, au ‘He had’ peke yake. Kupenda, kujua na kuamini ni vivyo hivyo. Tena would humtaka msomaji awe ameshajua tunazungumzia zama zipi, ndiyo maana waandishi wazuri hufungua aya kwa used to, kisha would zikafuata: ‘Grandfather used to tell us stories. He would sit by the door, clear his throat and wait until we were quiet.’ Mpangilio huu naupenda mno. Ujaribu kwenye insha yako, utaona babu anavyohuika.

Ukitaja idadi ya mara au urefu wa muda, achana na vyote viwili: ‘He told me that story three times’, ‘He lived with us for six years’.

Kukanusha ni ‘He didn’t use to shout’, bila d, kwa kuwa did imeshabeba wakati uliopita. Kwa sikio hutapata tofauti, zote hutamkwa ‘yuusta’, na hata wenye lugha yao huteleza hapo wanapoandika.

Na ‘I am used to hearing stories’ usiichanganye na hizi. Hiyo ni kwamba umezoea kusikia hadithi, nayo hudai -ing.