Anzeni na Sifa za Kujiunga: Ushauri kwa Wanaoingia Kidato cha Tatu

Wanangu mnaoingia Kidato cha Tatu, katika wiki za mwanzo za muhula mtatakiwa kuamua kama mtaendelea na Fizikia na Kemia, mtachukua masomo ya biashara, au mtabaki na masomo ya sanaa. Wengi huamua kwa kufuata marafiki au kwa kumkimbia mwalimu fulani, na wazazi nao huliona kuwa ni jambo la shule. Nimekaa ofisi ya taaluma hapa Dar es Salaam muda wa kutosha kuona kwamba uamuzi huo ndio unaopunguza au kuongeza idadi ya shahada ambazo mwanafunzi ataweza kuziomba miaka minne baadaye. Kwa sababu hiyo nawashauri mpange kwa kurudi nyuma: anzeni na shahada mnayoitamani, someni sifa zake za kujiunga, kisha mteremke hadi kwenye tahasusi, yaani mkusanyiko wa masomo matatu, ya Kidato cha Tano, na kutoka hapo hadi kwenye masomo mnayoyachagua sasa.

Sifa hizo si siri. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, hutoa kila mwaka mwongozo wa udahili kwa waliomaliza Kidato cha Sita na mwingine kwa wenye stashahada, na yote miwili hupatikana bure kwenye tovuti yake. Pakueni wa mwaka huu kwenye simu ya mzazi, tafuteni shahada tatu au nne mnazozifikiria katika vyuo tofauti, na mwandike kwenye daftari masomo yanayotajwa. Mtakuta kwamba shahada yenye jina lilelile inaweza kudai masomo tofauti chuo hiki na chuo kile, na mtakuta pia kwamba masharti hubadilika mara kwa mara, hivyo msitegemee nakala ya kaka yenu aliyemaliza zamani.

Hesabu yenyewe inaeleweka mkiisoma taratibu. Katika Kidato cha Sita, kwa ajili ya udahili, A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na S ni nusu pointi. Kiwango cha chini cha jumla kwa waliomaliza kuanzia 2016 ni ufaulu mkuu, yaani wa A hadi E, katika masomo mawili yenye jumla ya pointi 4.0, na masomo hayo mawili yawe ndiyo yanayotakiwa na shahada husika. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayowaumiza watu. Mchukueni mwanafunzi wa EGM, yaani Uchumi, Jiografia na Hisabati, aliyepata C ya Uchumi, C ya Jiografia na S ya Hisabati. Ana pointi 6 katika masomo mawili, jirani wanampongeza, naye ana haki ya kufurahi. Lakini shahada yoyote inayodai ufaulu mkuu wa Hisabati imeshamtoka, kwa kuwa S haihesabiwi kuwa ufaulu mkuu. Vivyo hivyo, somo la ziada kama General Studies, yaani Maarifa ya Jumla, hata likiwa na mtihani wake, haliongezi chochote katika pointi hizo.

Jambo ambalo wanafunzi hulipuuza kuliko yote ni kwamba matokeo ya Kidato cha Nne hayaishii kwenye kuwapeleka Kidato cha Tano. Fungueni mwongozo kwenye shahada za uhasibu, uchumi, takwimu au kompyuta, na mara nyingi mtaona sharti la nyongeza kwa asiyesoma Hisabati ya juu: awe amefaulu Hisabati ya Kidato cha Nne kwa kiwango fulani, au awe na ufaulu katika somo la BAM, yaani hisabati ya msingi ya Kidato cha Tano na Sita, ambalo wanafunzi wa tahasusi kama PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia) hulisoma. Shahada nyingine hutazama Kiingereza cha Kidato cha Nne. Kwa hiyo kijana anayesema, “Mimi ni mtu wa sanaa, Hisabati napiga chini,” anajinyima shahada ambazo hata hajazisikia bado. Sisemi kila mtu apate A. Nasema kwamba kutoka F hadi D au C katika Hisabati ni kazi inayowezekana kwa mwanafunzi anayerudia mazoezi ya Kidato cha Kwanza na cha Pili bila aibu, na faida yake ni kubwa kuliko kupandisha somo mnalolipenda kutoka B hadi A.

Kuhusu heshima ya sayansi, nitasema wazi hata kama wazazi wengine hawatapendezwa. Udaktari wa binadamu hudai ufaulu mkuu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, yote matatu, na ushindani wa nafasi ni mkali kiasi kwamba kukidhi kiwango cha chini hakumaanishi kuchaguliwa. Mwanafunzi ambaye Fizikia inamshinda tangu Kidato cha Pili, lakini anafanya vizuri katika Kemia, Baiolojia na Jiografia, ana nafasi nzuri kwa CBG kwenye shahada za kilimo na mazingira, na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kiko Morogoro tu. Kumsukuma kwenye PCB ili mama aweze kuwaambia wenzake kwenye kikundi kwamba mwanawe atakuwa daktari ni kumpotezea miaka miwili. Kumbukeni pia kwamba Kidato cha Tano chenyewe hudai ufaulu wa C au zaidi katika masomo matatu bila kuhesabu ya dini, na kwamba tahasusi mnazojaza kwenye Selform, fomu ya kuchagua masomo na shule, kabla ya mtihani zinaweza kubadilishwa TAMISEMI, ofisi ya serikali inayopanga wanafunzi, inapofungua dirisha baada ya matokeo. Litumieni dirisha hilo matokeo yakija tofauti na mlivyotarajia.

Njia ya stashahada nayo isidharauliwe. Mwenye stashahada yenye GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 au zaidi na ufaulu wa masomo manne ya Kidato cha Nne anaweza kuomba shahada inayohusiana na alichosoma.

Sasa kuhusu shughuli za nje ya darasa, ambazo wengi huziuliza baada ya kutazama video za vijana wa Marekani. Katika udahili wa vyuo vyetu, ukapteni wa timu ya UMISSETA (michezo ya shule za sekondari), uskauti na klabu ya midahalo haviongezi hata nusu pointi. Fanyeni kwa sababu vinawajenga, lakini visiwale muda wa masomo kwa matumaini ya kwamba chuo kitaviona. Anayelenga Marekani ana hesabu nyingine kabisa. Fomu ya Common App inayotumiwa na vyuo vingi vya huko ina nafasi 10 za shughuli, kila moja ikielezwa kwa herufi zisizozidi 150, pamoja na insha isiyozidi maneno 650. Katika herufi 150, kuandika “mwanachama wa klabu ya mazingira” hakumwambii msomaji kitu. Kuandika kwamba kwa miaka mitatu ulisimamia kitalu cha miche shuleni na kuwafundisha wadogo kupanda kunamwambia. Hivyo chagueni mambo mawili au matatu mapema na mdumu nayo, hata kama ni kuuza kwenye genge la mama baada ya shule au kuwalea wadogo zenu, kwani fomu hiyo hupokea pia kazi na majukumu ya nyumbani.

Tatizo la njia hiyo ya Marekani ni ratiba na fedha. Maombi mengi ya Marekani hufungwa kati ya Novemba na Januari, wakati mtihani wetu wa Kidato cha Sita hufanyika Mei, kwa hiyo mwombaji hutumia cheti cha Kidato cha Nne, taarifa za maendeleo za shule na barua za walimu. Mwalimu anayefundisha mikondo minne hawezi kuandika barua nzuri kwa taarifa ya siku mbili. Vyuo vinavyowadahili wageni bila kujali uwezo wa kulipa na kugharimia mahitaji yao yote, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, ni vichache na huchuja sana, kwa hiyo hata mwenye ndoto hiyo aendelee kutimiza sifa za TCU.

Mwisho, tazameni majina yenu wiki hii hii. Weka cheti cha kuzaliwa kando ya jina lako kwenye orodha ya usajili wa NECTA, Baraza la Mitihani, shuleni, ulisome herufi kwa herufi. Mohamed na Mohammed ni watu wawili katika mfumo, na jina la babu likiwa kwenye karatasi moja na kukosekana kwenye nyingine, mtakutana na usumbufu wakati wa kuomba mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambako cheti cha kuzaliwa huhakikiwa na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya maombi kukamilika. Kosa likigundulika kabla ya usajili wa Kidato cha Nne kufungwa, mwalimu wa taaluma hulisahihisha kirahisi zaidi. Likigundulika baada ya cheti kutoka, itabidi mhangaike na viapo vya mahakamani, tena katika miezi ambayo wengine wenu watakuwa kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) na madirisha ya maombi ya vyuo yakiwa wazi.