Diski ya zamani ya IDE haionekani kwenye kompyuta mpya

Pole, lakini usiitupe hiyo diski yenye picha zako! Umesema umeichomeka kwa adapta ya IDE (aina ya zamani ya kiunganishi cha diski) kwenda USB na kompyuta iko kimya. Diski za inchi 3.5 zinahitaji volti 12 ili mota izunguke, na USB ya kawaida inatoa volti 5 tu. Kwa hiyo chomeka pia ile plagi ya umeme yenye matundu 4, inayotoka kwenye chaja ya adapta. Halafu angalia nyuma, kati ya pini za data na tundu la umeme: kuna kijipande cha plastiki, jampa. Kihamishie palipoandikwa Master (yaani diski kuu). Ukisikia inavuma, subiri kidogo. Windows ikikuuliza kama ifomati diski (yaani iiandae upya kama tupu), kataa kabisa, huenda picha zako bado zimo.