Mashine Imetoa Namba, Sasa Nifanye Nini?

Maswali yaliyotufikia safari hii yanahusu mashine za kusomea makosa ya pikipiki. Wengi mmeshazinunua na mnazitumia wenyewe nyumbani, jambo jema sana. Tuanze.

Shikamoo fundi. Taa ya injini imewaka na pikipiki inakunywa mafuta kuliko zamani. Nimechomeka mashine, ikaandika P0118. Muuza vipuri anasema ni sensa ya joto la maji. Ninunue?

Marahaba. Usinunue kwanza. Namba ya kosa inakuonyesha mtaa, haikuonyeshi nyumba. P0118 inasema kompyuta ya injini inapokea volti kubwa mno kutoka njia ya sensa ya joto la maji ya kupoozea. Njia hiyo ina sensa, soketi, nyaya na kompyuta yenyewe, na popote hapo panaweza kuwa na ubovu.

Ukinzani wa sensa hii, yaani kiasi inavyozuia umeme, hupungua kadiri injini inavyopata joto. Injini ikiwa baridi ukinzani ni mkubwa na volti iko juu. Waya ukikatika, volti hupanda hadi karibu 5, na kompyuta huamini kuwa injini ina baridi ya kutisha. Matokeo yake inaongeza petroli bila sababu. Ndiyo maana unaona matumizi yamepanda, na ukifungua plagi huenda ukaikuta nyeusi kwa masizi.

Kama sensa yako ina pini mbili, fanya hivi. Zima swichi, chomoa soketi yake, uikague vizuri: kutu ya kijani, pini iliyorudi ndani, waya uliokatikia ndani ya ganda lake. Ikiwa safi, chukua kipande kifupi cha waya uunganishe pini mbili za upande wa nyaya, si wa sensa. Fungua swichi bila kuwasha injini, kisha tazama joto kwenye mashine. Likiruka kutoka nyuzi 40 chini ya sifuri hadi juu ya 100, nyaya na kompyuta ni nzima. Sasa nenda kanunue sensa. Lisipotikisika, tatizo liko kwenye waya au kompyuta, na sensa mpya ingekuwa pesa ya bure.

Zipo kompyuta ambazo zikigundua kosa huweka joto la dharura zenyewe, na hapo mashine itakuonyesha tarakimu isiyo ya kweli. Ukishuku hivyo, pima ukinzani wa sensa kwa maltimita (kipima umeme) ikiwa baridi, kisha ikiwa kwenye maji ya moto, ulinganishe na kitabu cha ufundi cha pikipiki yako.

Yangu ni ya kabureta. Mashine itanifaa?

Hapana, karibu zote za kabureta hazina kompyuta inayohifadhi makosa. Nunua maltimita. Hata wenye injekta ningependa waanze nayo.

Nina mashine ya gari lakini soketi ya pikipiki haifanani nayo. Kuna njia?

Ipo, kwa masharti. Soketi ya gari ina pini 16. Pikipiki nyingi zilizotengenezwa kwa kiwango cha moshi cha Euro 5, ambacho Ulaya kilianza mwaka 2020 kwa aina mpya na 2021 kwa pikipiki mpya zote, zina soketi ya pini sita, mara nyingi nyekundu, chini ya kiti au karibu na betri. Hizo zinapatana na vifaa vya kawaida ukipata waya wa kuunganishia. Za zamani zaidi, kila kiwanda kilikuwa na soketi yake na lugha yake ya mawasiliano. Waya wa kuunganishia hubadili umbo la soketi, haubadili lugha hiyo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mtajie muuzaji aina na mwaka wa pikipiki, na umuulize pia kama mashine inasoma ABS, yaani mfumo wa breki unaozuia magurudumu yasikwame. Vifaa vingi vya bei ndogo husoma injini peke yake.

Naweza kusoma makosa bila mashine?

Kwa pikipiki nyingi, ndiyo. Honda nyingi za injekta hutoa namba kwa kupepesa taa ya injini: mwako mrefu ni 10, mfupi ni 1. Mrefu mmoja na mifupi miwili ni 12. Hesabu mzunguko mzima zaidi ya mara moja, kwa sababu ukikosea mwako mmoja utakwenda kutafuta ubovu pasipo na ubovu. Nyingine hudai uunganishe pini fulani kwanza. Usibahatishe pini hizo; fuata kitabu cha ufundi, maana kuunganisha isiyostahili kunaweza kuunguza kompyuta.

Mashine imetoa namba sita kwa mpigo, za sensa tofauti kabisa. Pikipiki imekufa?

Sidhani. Sensa sita haziharibiki siku moja. Anza na betri. Betri ya kawaida ya asidi iliyojaa, ikiwa imetulia, husoma kama volti 12.6 au zaidi. Unapopiga stata, isishuke chini ya 10 hivi. Injini ikizunguka kasi ya wastani, tarajia kati ya 13.5 na 14.5. Ikiwa chini ya hapo, kagua mfumo wa kuchaji. Ikipita 15, reketifaya (kifaa cha kudhibiti umeme wa kuchaji) haidhibiti volti na inaweza kuumiza vifaa vingine. Kisha kaza na usafishe waya wa ethi, ule unaounganisha hasi ya betri na fremu au injini. Kazi hiyo ndogo huondoa makosa mengi ya ajabu.

Nafuta kosa, linarudi kesho yake.

Kwa sababu umefuta maandishi, ubovu upo palepale. Kabla ya kufuta tena, andika namba na hali iliyohifadhiwa wakati kosa lilipotokea: kasi ya injini, joto, volti. Ukifuta, kumbukumbu hiyo nayo inapotea.

Haina kosa hata moja lakini haina nguvu. Mashine yangu ni mbovu?

Mashine yako inaweza kuwa nzima kabisa. Kompyuta huona kile chenye sensa tu. Vali zilizobana, klachi inayoteleza, breki inayoshika, mnyororo mkavu: hakuna kati ya hivyo kinachoandikiwa namba. Inua gurudumu la nyuma, weka gia huru, ulizungushe kwa mkono. Likiwa zito, fungua breki. Likizunguka vizuri, tazama filta ya hewa, kisha pima presha ya petroli na uwazi wa vali injini ikiwa baridi.