TFC yako, yaani kazi ya mwisho wa masomo, ina kurasa sitini, lakini swali liko wapi?

Kazi nyingi za mwisho wa masomo hapa Bukavu zina umbo lilelile: utangulizi, sura ya maana za maneno, sura ya mahali pa utafiti, sura ya majedwali, hitimisho. Umbo hilo halina neno. Tatizo ni kwamba sura zenyewe hazijuani.

Dawa iko kwenye swali. "Biashara ya samaki Bukavu" si swali. Hilo ni jina la kibanda. "Kwa nini bei ya sambaza (samaki wadogo wa ziwani) soko la Kadutu hupanda siku za mbalamwezi?" hapo kuna kitu, mahali na jambo la kuelezwa. Jibu la kupimwa, yaani dhana, linafuata lenyewe: sambaza huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi uking'aa taa haiwavuti vizuri, kwa hiyo samaki wanaofika sokoni ni wachache. Data nazo zinajitaja: bei ya kipimo kilekile, kila siku, miezi mitatu, kando yake kalenda ya mwezi.

Sasa sura ya kwanza inajua mipaka yake. Eleza bei, eleza uvuvi wa taa, basi. Kwamba sambaza waliletwa Ziwa Kivu kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 ni habari tamu, ila sentensi moja inatosha. Wengi huipa kurasa nane kwa kuwa ni rahisi kunakili.

Majedwali ndiyo yanayoangusha watu mbele ya juri, walimu wanaopima kazi. Kabla ya kila jedwali, sema linatafuta nini. Baada yake, sema limeonyesha nini kuhusu swali. "Wauzaji wengi ni wanawake." Haya, na bei je? Kama huna la kujibu, jedwali hilo litoke.

Kabla ya kulipia chapa, chukua penseli. Pembeni mwa kila aya andika kazi yake kwa maneno yasiyozidi kumi, kisha hamishia maneno hayo kwenye karatasi moja uyasome mfululizo. Aya yenye kazi mbili ipasue. Isiyo na kazi ifute, hata kama direkta, mwalimu anayekuongoza, aliisifu.

Utangulizi uandike upya sura ya tatu ikishakwisha, bila kugeuza dhana ili ifanane na matokeo: dhana iliyokataliwa na data bado ni jibu. Hitimisho lianze na jibu hilo, lisilete namba mpya. Orodha ya yaliyomo iachie kompyuta, maana namba za kurasa ulizoandika kwa mkono hupotoka ukisogeza aya moja tu.