Wenzangu wamepunguzwa, kazi zao zimeniangukia mimi

SWALI: Shikamoo kaka. Niko Kigoma mjini, kampuni yetu inasafirisha mizigo kwenda Kongo na Burundi. Tulikuwa 11 ofisini, wanne wakapunguzwa. Mimi karani wa stoo, sasaivi nafanya stoo, ankara na simu za wateja. Naingia saa mbili asubuhi natoka saa mbili usiku, Jumatatu mpaka Ijumaa, Jumamosi mpaka saa saba mchana. Ovataimu haitajwi. Mshahara 390,000. Tuliobaki hata kuongea hatuongei, kila mtu anahisi ndo anafuata. Nikilalamika si wataniweka kwenye listi?

JIBU: Marahaba dada yangu, pole sana. Nianze na hicho kimya maana ndo kinawamaliza kuliko hata hizo ankara. Miaka ya nyuma nilikuwa afisa utumishi kampuni moja Tabora (jina tuliache), fagio likapita na mimi ndo nilikuwa nasoma majina. Waliobaki wakaacha hata kunywa chai ya saa nne pamoja, tukadhani wana majonzi yataisha, kumbe hakuna aliyewaambia nani anafanya kazi ya nani na kama kuna awamu ya pili, kwaiyo kila mtu akawa anabeba tu ili aonekane ana umuhimu, na mwisho wakaanza kuondoka wenyewe, tena wale wazuri. Kosa lilikuwa letu ofisini, sio lao.

Na wewe ndo unachofanya sasaivi, unabeba kimya kimya. Bosi haoni kazi za watu watatu, anaona mzigo umetoka na boti imeondoka, basi kwake mambo yako sawa. Chukua daftari wiki moja tu, andika kila unachofanya na kimekula muda gani, hata ile "nilienda bandarini mara mbili kufuata saini moja". Alafu omba dakika ishirini asubuhi, sio jioni mkiwa mmechoka wote, umwekee mezani useme: bosi, kwa siku nawezana na hizi, hizi nyingine zinalala, chagua wewe ipi isubiri. Usiseme "nimechoka", atakwambia wote tumechoka. Akishachagua, mwandikie meseji fupi ya kukumbushia mlichokubaliana, hiyo meseji itunze.

Sasa hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa za kawaida ni 45 kwa wiki, siku moja zisizidi 9. Wewe ukitoa saa moja ya kula (kama kweli unakula, maana ukila huku unapokea simu za wateja hiyo nayo ni kazi) unafanya 11 kwa siku mara tano, jumlisha 5 za Jumamosi, ni saa 60. Zilizozidi ni 15 kila wiki. Mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wiki, alafu kwa 45, kwako inakuja kama 2,000 kwa saa. Ovataimu ni mara moja na nusu, yaani 3,000. Wiki moja ni 45,000, wiki nne ni 180,000, karibu nusu ya mshahara dada yangu! Na kuna kitu wengi hawakijui, ovataimu yenyewe ni kwa makubaliano na haitakiwi kuzidi saa 50 ndani ya wiki nne, wewe uko 60 (zile 15 mara wiki nne). Kwaiyo hata wakikulipa yote bado muda wenyewe inabidi upungue.

Kuhusu listi, kudai haki iliyoko kwenye sheria sio sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Najua sheria ni sheria na Kigoma ni mji mdogo, ndo maana nasema anza na daftari sio na barua ya madai. Ikishindikana kabisa kuna Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndo inayoshughulikia migogoro ya kazi, madai kama haya ni ndani ya siku 60, ukiachishwa ni siku 30, usikae unasubiri huruma. Alafu wanaopunguza watu wanatakiwa watoe taarifa mapema na wakae na wafanyakazi kabla, kwaiyo kumuuliza meneja mbele ya wote "kuna awamu nyingine?" sio utovu wa adabu. Muulizeni mkiwa pamoja, asiulize mmoja.

Yule aliyekuwa anafanya ankara kabla yako, mpigie. Usianze na faili liko wapi, msalimie kwanza, muulize watoto. Nadhani tangu aondoke hakuna hata mmoja wenu aliyempigia.