Jibu: Shingo imepinda tangu aanze dawa

Salaam dada. Umesema kijana wako wa miaka 16 ameanzishiwa haloperidol (dawa ya magonjwa ya akili) juzi, leo shingo imepinda, macho yanatazama juu, na shangazi yake anataka apelekwe kwa mganga. Pole sana.

Kwanza tazama: anameza mate? Anapumua vizuri? Koo likibana, au akikakamaa huku ana homa kali, hiyo ni dharura, usingoje kuche. Hata bila hayo, aonwe leo leo.

Mdogo wangu yalimkuta hayohayo siku ya tatu ya dawa hiyo: ulimi nje, taya limekwenda upande, jirani ameshaanza kukemea pepo. Zahanati ya kwanza wakasema anaigiza (hapo nusura nigombane na mtu). Ya pili nesi aliuliza tu, "Anatumia dawa gani?" Akachomwa sindano ya promethazine, haikupita saa akaomba chai. Baadaye wakamwongezea vidonge vya benzhexol (vya kuzuia kukakamaa huko) na kumpunguzia dozi ya haloperidol.

Kwa hiyo beba pakiti zote. Dozi ya jioni msimpe kabla ya kuongea na daktari, ila msiache matibabu moja kwa moja. Vijana wa kiume ndio hupatwa zaidi na madhara haya ya dawa, hasa siku hizi za mwanzo.