Feni ya kadi ya grafiki ikipiga kelele, tafuta mafuta ya cherehani kabla ya kutafuta kadi mpya

Kadi ya grafiki, ile sehemu ya kompyuta inayotengeneza picha za kwenye skrini, ikianza kukwaruza, wengi watakushauri ununue nyingine. Mimi nahariri video za harusi na sendofu hapa Sinza, kompyuta yangu hushinda imewaka, na ninakusihi usiitupe kadi nzima kwa sababu ya feni. Feni ni mota ndogo yenye mapanga ya plastiki. Mara nyingi chipu, yaani ubongo wa kadi, haina tatizo lolote, ila mota hiyo imekauka mafuta.

Kama kadi bado ina waranti, usiifungue, irudishe ilikotoka. Kama waranti imekwisha, anza kwa kusikiliza. Fungua kava la pembeni, washa kompyuta, sogeza sikio ila mikono ikae mbali. Mlio wa tak-tak-tak unaokwenda na mzunguko mara nyingi ni waya unaogusa mapanga, na hapo kazi yako ni kuusogeza na kuufunga vizuri. Mvumo mzito unaotetemesha kasha zima huletwa na vumbi lililoganda upande mmoja, au panga lililokatika. Mkwaruzo unaosikika zaidi ukiwasha tu, kisha ukapungua kadi inapopata moto, ni dalili ya kukauka kwa bushi, kile kibomba kidogo ambamo shafti (mhimili wa feni) huzunguka. Halafu kuna mlio mwembamba kama wa mbu, unaobadilika kadiri gemu inavyozidi kuwa nzito. Huo hautoki kwenye feni kabisa, unatoka kwenye koili za umeme za kadi, na mafuta hayatausaidia.

Ukitaka uhakika, weka MSI Afterburner, programu ya bure, upandishe kasi ya feni taratibu kutoka asilimia 30 hadi 100 huku ukisikiliza. Usishtuke ukikuta feni imesimama kabla hujagusa kitu: kadi nyingi za siku hizi husimamisha feni zake zikiwa hazina kazi.

Kabla ya kuitoa kadi, zima kompyuta, chomoa waya wa ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde chache ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha ili ujitoe umeme tuli. Chomoa waya wa umeme wa kadi, fungua skrubu za pembeni, na bonyeza ile klipu ndogo ya plastiki mwisho wa sloti. Usiivute kadi kabla klipu haijaachia.

Vumbi la Dar lina tabia yake. Hewa yetu ina unyevu, kwa hiyo vumbi halikai kama unga, linanata na kugeuka utando kwenye mapanga na kwenye pezi za alumini zinazopoza kadi. Tumia brashi laini au mswaki mkavu. Watu wengi hupeleka kompyuta gereji ipulizwe na kompresa, na mimi nalipinga hilo kwa nguvu. Tangi la kompresa hukusanya maji, hasa huku pwani, na maji hayo hutoka pamoja na upepo. Tena upepo ule huzungusha feni kwa kasi kuliko iliyotengenezewa, na bushi iliyochoka humalizikia hapo. Hata ukitumia kipulizio kidogo cha nyumbani, shika mapanga kwa kidole yasizunguke.

Sasa mafuta. Kwenye kadi nyingi feni hufunguka kwa skrubu zake ndogo bila kugusa kipoza joto. Kwenye nyingine lazima utoe kipoza chote, na hapo hakikisha una pesti mpya ya kupitisha joto, ya kupaka juu ya chipu, kwa sababu ya zamani haifai kurudishwa. Geuza feni, utaona stika katikati ya mgongo wake. Ibandue polepole kwa ukucha, uiweke mahali pasipo na vumbi, maana itarudi. Chini yake mara nyingi kuna kifuniko kidogo cha mpira, na ukikitoa unaona ncha ya shafti. Ikiwa imekauka, utakuta pale kitu cheusi kama masizi. Kifute kwa ncha ya kitambaa safi chenye spiriti kidogo, subiri pakauke, kisha dondosha mafuta ya cherehani, matone mawili au matatu basi. Zungusha mapanga kwa mkono mpaka usikie yanateleza bila kukwama. Futa mafuta yote yaliyobaki pembeni, la sivyo stika haitashika na mafuta yatavuja.

Kuna feni ambazo mgongo wake umezibwa moja kwa moja. Baadhi yake mapanga hutoka ukiyavuta wima, kwa nguvu sawa pande zote, ukapaka mafuta kwenye shafti. Zikikataa, usizitoboe.

Mafuta ya kula yasikaribie, yataganda na kuwa gundi. Ile dawa ya kupuliza ya kulegezea nati zenye kutu nayo si ya kazi hii. Mlio utapotea mara moja, lakini dawa inakauka na kuondoka na mafuta kidogo yaliyokuwa yamebaki. Na kama kadi ina feni mbili, paka zote, kwani zimefanya kazi sawa.

Mkwaruzo ukirudi baada ya muda mfupi, au ukishika mapanga ukaona yanacheza kushoto na kulia, bushi imelika na hakuna mafuta yatakayoiponya. Hapo tafuta feni, na ukienda Kariakoo nenda na ile mbovu mkononi, usiende na picha tu. Soma namba iliyo kwenye stika, pamoja na volti, ambazo kwa kawaida ni 12, na ampea. Pima upana wa mapanga na umbali kati ya matundu ya skrubu, maana feni mbili zinaweza kulingana kwa upana zikapishana matundu. Hesabu waya pia. Yenye nne ina waya wa kurudisha taarifa ya kasi na mwingine wa kuiongoza kasi hiyo. Ukifunga ya waya mbili mahali pake, kadi haitaweza kusoma feni inazunguka kiasi gani. Plagi ikikataa kuingia, usiisukume. Ama umeigeuza, ama si yake.